Bitana ya mshipa: pale insulini inapochelewa

"Nesi, hii dawa imekufa." Kauli hiyo tunaisikia mara nyingi kwenye kliniki ya kisukari hapa Kigoma, na husikika zaidi Septemba na Oktoba jua linapochoma. Mgonjwa amejichoma yuniti zake asubuhi, amekula ugali wake wa muhogo na migebuka, kapima sukari saa mbili baadaye, na mashine inasoma 17 (milimoli kwa lita), juu mno. Yeye anasema dawa imekufa. Mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni anasema tuongeze yuniti. Tumejifunza kutokimbilia kauli yoyote kati ya hizo mpaka tuifuate insulini njia nzima, kutoka ncha ya sindano hadi kwenye seli ya msuli.

Njia hiyo ina vizuizi viwili. Cha kwanza kiko chini ya ngozi na kila mhudumu anakifahamu. Cha pili ni safu moja tu ya seli inayofunika mshipa wa damu kwa ndani, na hicho hakitajwi kwenye mafundisho mengi wanayopewa wagonjwa. Fundi wa koti kitambaa cha ndani hukiita bitana, na sisi tunalitumia neno hilo hilo: bitana ya mshipa. Wataalamu huiita endothelia. Makala hii tumeiandika kwa ajili yake, lakini huwezi kuifikia bila kupita kwanza pale sindano inapoingia.

Hoja ya dawa kufa tuimalize mapema, kwa sababu wakati mwingine ni kweli. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kikishafunguliwa kinakaa wiki nne mahali pa kivuli. Mtu asiye na friji anatumia mtungi: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji. Mtungi hufanya kazi vizuri penye hewa kavu, kwa hiyo wa Tabora wakati wa kiangazi unapoza kuliko wa ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, mwezi wa Machi, pale maji yanapokataa kukauka kwa unyevu wa hewa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya kazi iliyoanzia kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Waligundua kuwa insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Taarifa hiyo iliwapunguzia mzigo mkubwa watu wa huku kwetu.

Kinachoiua upesi ni jua la moja kwa moja na barafu. Barafu ndiyo inayotusumbua zaidi Kigoma, maana mtu anaiweka dawa kwenye sanduku la barafu ya samaki akiamini anaitunza. Insulini iliyowahi kuganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ile ya maji meupe, isiyo na rangi, ikiwa na wingu, itupe. Ile yenye rangi ya maziwa ikibaki na mabonge, au ikinata kwenye kioo kama unga uliorushiwa, itupe. Na hiyo ya maziwa haitikiswi kama dawa ya kikohozi: izungushe kati ya viganja mara 10, igeuze juu chini mara 10, ndipo uvute.

Dawa ikiwa nzima, tunaomba kuona tumbo.

"Mzee wangu, hebu fungua shati tuone unapochoma."

Macho peke yake hayatoshi. Paka mafuta kidogo kwenye vidole vitatu, kisha vipitishe polepole kutoka ubavuni kuelekea kitovuni ukikandamiza kidogo. Ngozi yenye afya hubonyea na unaweza kuikunja. Ukifika penye uvimbe wa mafuta, unaotokana na kuchoma mahali pale pale, vidole vinapanda kama vimekuta mpira chini ya kitambaa, na ukijaribu kukunja mkunjo unatoka mnene usioshikika. Mara nyingi uvimbe uko upande mmoja, mahali pamoja penye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mgonjwa anapapenda kwa sababu hapaumi. Ndani ya uvimbe ule insulini hunyonywa kidogo, tena bila mpangilio: leo taratibu, kesho ghafla.

Kunyonywa kwenyewe kunahitaji insulini iachane. Kwenye kichupa, molekuli sita za insulini hukaa zimeshikamana kuzunguka madini ya zinki. Zikiwa sita ni kubwa mno kuingia upesi kwenye vishipa vidogo. Zinapochanganyika na majimaji ya chini ya ngozi zinaachana, zinabaki mbili mbili, kisha moja moja, ndipo zinapenya. Ndiyo maana insulini ya kawaida ya maji meupe huchomwa dakika 30 kabla ya kula. Anayechoma huku sahani iko mbele yake ameipa sukari nafasi ya kutangulia. Tumboni hunyonywa haraka kuliko mkononi, mkononi haraka kuliko pajani, na makalioni ni polepole kuliko kote. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kuzunguka kitovu, sogea angalau sentimita moja kutoka ulipochoma jana, na ukimaliza kusukuma hesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa.

Sasa insulini imeingia kwenye damu, na damuni haikai sana. Nusu yake huondoka ndani ya dakika 4 hadi 6, nyingi ikichukuliwa na ini na figo. Hapa mtu anayejichoma anatofautiana na asiye na kisukari. Kongosho humwaga insulini kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini hubakiza karibu nusu kabla mwili wote haujaonja. Ya sindano inaanza na mwili mzima, ini likipata mgawo wake baadaye.

Ini lenyewe halina shida ya kuifikia. Bitana ya vishipa vyake ina matundu ya wazi, kila tundu nanomita 100 hivi, wakati insulini moja ina upana wa nanomita chache tu. Inapita kama dagaa kwenye wavu wa migebuka. Msuli ni habari nyingine, na msuli ndio unaochukua sehemu kubwa ya sukari insulini inapopanda. Kapilari za msuli, yaani vishipa vyake vyembamba kabisa, zina bitana isiyo na matundu ya namna hiyo. Seli zake zimebanana ukingo kwa ukingo, nyembamba chini ya mikromita moja, na ili insulini itoke kwenye damu iufikie msuli ni lazima ivuke hapo.

Jinsi seli ya bitana inavyoishughulikia insulini ndilo jambo linalotuvutia kuliko yote. Juu ya seli kuna vipokezi, kila kimoja kimeundwa kwa vipande vinne: viwili viko nje vikisubiri insulini, viwili vimepenya utando hadi ndani. Insulini ikikaa kwenye kipokezi, utando unabonyea ndani kama kifuko. Vifuko hivyo huitwa kaveola, vina nanomita 50 hadi 100, na ukuta wao umeshikiliwa na protini iitwayo kaveolini-1. Kifuko kinajikata, kinaelea ndani ya seli, na kinaweza kufunguka upande wa pili, ule unaotazama msuli.

Seli nyingi nyingine haziifanyii hivyo. Seli ya ini ikiimeza insulini, kifuko kinageuka kuwa na asidi, insulini inaachia kipokezi, vimeng'enya vinaikatakata, na kipokezi kinarudishwa juu kusubiri nyingine. Ni matumizi na usafi kwa pamoja. Seli ya bitana inaimeza na kuitema sehemu kubwa ikiwa nzima. George King na wenzake mjini Boston walilionyesha hilo mwaka 1984 na 1985 kwa seli zilizotolewa kwenye mshipa mkuu wa ng'ombe. Kazi yao ya 1985 ilionyesha zaidi kwamba insulini ilivuka safu ya seli kwa kutegemea kipokezi: vipokezi vikizibwa, kuvuka kunapungua.

Jaribio la namna hii linapangwa hivi. Seli huoteshwa mpaka zijaze sahani bila kuacha pengo. Insulini hutiwa alama ya iodini-125, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 60 hivi. Sahani moja huwekwa kwenye nyuzi 4, nyingine kwenye 37. Kwenye baridi insulini inashika kipokezi lakini haiingii, maana utando umekufa ganzi. Kwenye joto la mwili inaingia. Kisha seli husuuzwa mara tatu kwa maji ya chumvi ya baridi, zikapitishiwa maji yenye asidi ya pH 3 hivi kwa dakika chache. Asidi inabandua kilichoshika nje. Kinachobaki na mionzi ndicho kilichoingia. Yale majimaji yaliyokuwa juu ya seli hutiwa asidi ya trikloroasetiki. Insulini nzima inaganda na kuzama chini, vipande vilivyokatwa vinabaki kwenye maji. Ukipima mionzi ya chini na ya juu unajua ngapi zimetoka salama na ngapi zimekatwa.

Jaribio hilo huharibika kwa njia zinazojulikana. Insulini hung'ang'ania plastiki na kioo, kwa hiyo usipoweka protini ya albumini kidogo kwenye maji unapoteza nyingi ukutani na kudhani seli zimekula. Safu ikiwa na pengo, insulini inapita pembeni na wewe unahesabu kuwa imebebwa. Lazima upime kwanza kwa kitu kingine kisicho na kipokezi. Ukimwaga insulini nyingi kupita kiasi, inashika vipokezi vya jamaa yake, homoni ichocheayo ukuaji iitwayo IGF-1, ambavyo seli za bitana zinavyo vingi zaidi kuliko vya insulini. Na seli zilizohamishwa sahani mara nyingi mno husahau tabia zao za mshipani.

Hilo la kung'ang'ania plastiki wauguzi wa wodini wanalihitaji leo hii. Mgonjwa anayewekewa insulini kwa dripu, kwa mfano yuniti 50 kwenye mililita 50, atapata pungufu mwanzoni kwa sababu mpira wa dripu unainyonya. Pitisha mililita 20 za mchanganyiko kwenye mpira na uzimwage kabla ya kumuunganisha mgonjwa. Mpira ukishashiba, kinachofika mkononi ndicho ulichokusudia.

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu namna insulini inavyovuka bitana ya msuli ulio hai. Mwaka 2017 watafiti waliwaondolea panya vipokezi vya insulini kwenye seli za bitana peke yake: msuli ulichelewa kuitikia insulini, ini halikuchelewa. Hilo linakubaliana na hoja ya kubebwa na kipokezi. Mwaka 2018 kundi lingine likatazama kapilari za msuli wa panya hai kwa darubini, insulini ikiwa na rangi ya kung'aa, likaona insulini inavuka pamoja na majimaji bila kuhitaji kipokezi, na hata ilipoongezwa sana njia haikujaa. Sisi tunaona kuna somo kwenye tofauti hiyo: seli ya mshipa mkuu wa ng'ombe iliyooteshwa sahanini si seli ya kapilari ya pajani. Anayenukuu matokeo ya moja kama ya nyingine anajidanganya. Mshipa mkubwa, kapilari ya msuli na kapilari ya ubongo kila mmoja una bitana ya aina yake.

Ila kwa njia yoyote iwayo, ukuta unachelewesha. Kwa mbwa waliopewa insulini kwa mtiririko wa kudumu, insulini kwenye limfu, yaani majimaji yaliyokwisha kuvuka ukuta, ilifika karibu asilimia 60 tu ya ile ya kwenye damu, tena ilipanda taratibu. Kasi ya mwili kutumia sukari ilifuatana na ya kwenye limfu. Ya damuni ilitangulia peke yake.

Kutokana na hapo tunapata katazo tunalolisisitiza kuliko yote: usirudie sindano kwa sababu umepima baada ya saa moja ukaona haijashuka. Insulini iliyokwisha kuvuka inaendelea kufanya kazi hata ile ya damuni ikishapungua, na ya chini ya ngozi bado inaingia. Insulini ya kawaida hufika kilele saa 2 hadi 4 baada ya kuchoma na kuisha kwenye saa 6 hadi 8. Ukirundika ya pili juu ya ya kwanza, zote mbili zinakutana alasiri, na mtu anaanguka shambani.

Bitana si mlango tu. Ikishapata insulini, nayo inaitikia. Ujumbe unapita ndani ya seli hadi kwenye kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya naitriki, gesi inayolegeza mishipa. Kazi ya kuitambua ndiyo iliyowapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Vishipa vya msuli vilivyokuwa vimefunga vinafunguka ndani ya dakika chache, damu inapata eneo kubwa zaidi la kugusana na msuli, na insulini inayofuata inapata milango mingi. Yaani insulini inajitengenezea njia. Lakini kipokezi kile kile kina mkondo wa pili wa ujumbe, unaochochea endothelini, ambayo hubana mishipa. Kwa mtu mwenye afya mikondo hiyo inasawazishana. Kwa mwenye usugu wa insulini, yaani ambaye mwili wake hauiitikii insulini vizuri, mkondo wa kulegeza unadhoofika huku wa kubana ukibaki na nguvu zake. Hapo unaona mtu mmoja ana sukari na presha kwa pamoja, na dozi yake inapanda kila mwezi bila faida kubwa.

Nini kinauchosha mkondo wa kulegeza? Sukari yenyewe ikikaa juu muda mrefu. Asidi za mafuta zikijaa damuni: watu wenye afya walipowekewa mafuta kwa dripu, vishipa vya msuli vilishindwa kufunguka vizuri kwa insulini, na seli za bitana zikiogeshwa asidi ya palmitiki ujumbe wa insulini unafifia. Tunaitaja palmitiki kwa sababu ni zaidi ya mbili ya tano ya mafuta ya mawese, na mawese ndiyo mboga, ndiyo biashara, ndiyo Kigoma. Hatumkatazi mtu mawese. Sahani na dripu ni vitu viwili tofauti. Tunachoshauri ni kupima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, na anayehitaji kupunguza unene aanzie hapo. Sigara ni jambo ambalo hatuna nafasi ya kulilegeza, iwe ya dukani au tumbaku ya kusokota kutoka Tabora. Inapunguza oksidi ya naitriki, inabana mishipa ya ngozi pale ulipochoma, kwa hiyo inaipiga insulini kwenye vizuizi vyote viwili.

Kinachousaidia mkondo huo bila gharama ni msuli unaofanya kazi. Msuli unapojikunja hufungua vishipa vyake wenyewe hata kabla insulini haijasema neno, na usikivu wake kwa insulini hubaki umeongezeka kwa siku moja hadi mbili. Kutoka Mwanga hadi Ujiji, hapa hapa Kigoma, kwa miguu mara tatu kwa wiki kunafanya kazi ambayo yuniti za ziada hazifanyi. Ila faida hiyo inageuka hatari usipoipangia. Ukichoma pajani kisha ukaendesha baiskeli, au ukachoma mkononi kisha ukalima, damu inakimbilia pale ulipochoma na insulini inaingia kwa kasi usiyoitarajia. Siku ya kazi nzito choma tumboni.

Rudi sasa kwa yule mzee mwenye uvimbe tumboni na 17 kwenye mashine. Tunazungushia uvimbe kalamu ili aone mpaka wake, na tunamwambia asiuguse kwa miezi. Kuhamia ngozi mpya kuna hatari yake, kwa sababu dozi aliyofikishwa iliongezwa ili kufidia kilichokuwa kinapotelea uvimbeni. Ngozi nzima itaipitisha yote. Kwa hiyo dozi inashushwa kwanza, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20, kwa makubaliano na daktari wake. Wiki ya kwanza anapima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, na angalau mara mbili saa tisa usiku.

Na kama ni mvuvi wa dagaa, saa tisa usiku yuko ziwani na karabai, anavuta wavu. Dozi yake ya jioni ya mchanganyiko wa 30/70 (asilimia 30 ya maji meupe, 70 ya maziwa) ina sehemu inayofika kilele saa hizo hizo. Huyo tunampangia peke yake: anachoma tumboni, anakula kabla ya kusukuma mtumbwi, na mwenzake wa chomboni anajua dalili, jasho la baridi, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika. Sukari vijiko vitatu vya chai, gramu 15 hivi, inafungwa kwenye mfuko wa nailoni mara mbili na kukaa shingoni, si kwenye kikapu, kwa sababu kikapu hulowa. Akihisi dalili anaila yote kwa maji, anaacha wavu, anasubiri dakika 15 na kupima. Ikiwa bado chini ya 3.9 anarudia. Ikishapanda anakula kitu cha kukaa tumboni, kiazi au kipande cha muhogo, ndipo anaushika wavu tena.